Nafanya iai peke yangu nyumbani: je, nahitaji mtu mbele yangu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilijifunza iaido (au iai), sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga na kukata, nilipokuwa nasoma Fukuoka, nikarudi Dar es Salaam na upanga wangu wa mazoezi usio na makali. Huku sina mwalimu, kwa hiyo nafanya peke yangu uani alfajiri kabla ya kwenda kazini, kata zote 12 za shirikisho, yaani ile mifululizo ya mienendo iliyopangwa. Juzi nilimtumia video mwenzangu wa zamani aliyebaki Japani. Akaniambia umbo ni zuri, ila "hakuna mtu mbele yako", na akanishauri nianze mazoezi ya wawili. Nina jirani aliyecheza karate miaka mingi. Hajawahi kushika upanga, lakini yuko tayari. Je, kuna faida ya kweli, au nitaharibu nilichokijenga? Na tuanzie wapi bila kuumizana?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako kasema kweli, na huyo jirani ni neema, usimwache. Lakini si kila mazoezi ya wawili yana faida. Yapo yanayomjenga mtu, na yapo yanayomfundisha uongo siku baada ya siku mpaka ukamkaa mwilini. Kwa hiyo nitakueleza kwanza unakosa nini, halafu nikupe pa kuanzia.

Chukua kata ya kwanza kabisa katika hizo 12, Mae. Umekaa kwa magoti, mikono juu ya mapaja. Mbele yako kakaa mtu, unahisi anataka kukushambulia. Unamtangulia: upanga unatoka alani ukikata mlalo usawa wa panja, unainuka juu ya kichwa, unashuka wima, unakung'utwa damu, unarudi alani. Umeifanya mara nyingi mno. Sasa niambie: huyo mtu ana kimo gani? Magoti yake yako umbali gani na yako? Ncha ya upanga wako inapotoka alani, mkono wake wa kulia umeshafika kwenye mpini au bado? Nimewauliza wanafunzi wengi wa iai maswali haya, na wengi hunijibu kwa maneno waliyoyasikia kwa mwalimu, si kwa kitu walichokiona. Hawana kosa. Adui wa kufikirika anakubali kila kitu. Ukichelewa, anakungoja. Ukikata hewa kabla ya kumfikia, anakufa vilevile. Kimo chake ni chako, mwendo wake ni wako, na haji kwa namna ambayo hukuitarajia.

Hapo kuna jambo la historia ambalo wengi wanaofanya iai peke yao hawalijui, nalo linajibu nusu ya swali lako. Hizo kata za shirikisho zilianza kutolewa mwaka 1969 zikiwa 7, zikaongezwa 3 mwaka 1980 na 2 mwaka 2000. Aliyezitoa ni Shirikisho la Kendo la Japani Yote, na walengwa wa kwanza walikuwa watu wa kendo. Hao walikuwa wakivaa kinga na kupigana kwa mianzi kila wiki, ila walikuwa wamepoteza mazoea ya upanga wenyewe: kuuchomoa, kuugeuza makali, kuurudisha alani. Walipewa iai ili warudishiwe kilichopungua. Mtu wa mbele walikuwa naye tayari, tena wengi, wa kila umri na kila kimo. Wewe umepokea nusu iliyokusudiwa kwa watu waliokuwa na nusu nyingine.

Na ukienda nyuma zaidi unakuta iai haikuwahi kukaa peke yake. Mapokeo yanampa Hayashizaki Jinsuke, wa karne ya 16, heshima ya kuwa chanzo cha fani hii, na moja ya matawi yake makubwa lilitulia Tosa, mkoa unaoitwa Kochi leo. Humo ndani, mbali na kata za kuchomoa upanga peke yako, kuna seti za wawili zinazoitwa Tachi Uchi no Kurai. Oe Masaji, aliyeishi kati ya 1852 na 1927 na kuupanga upya mtaala wa tawi hilo, naye aliweka kata za wawili. Leo seti hizo huachiwa wakubwa wa daraja, na sehemu nyingine hazifanywi kabisa. Mtihani wa daraja la iaido hauziulizi. Hata mashindano ya iaido ni watu wawili wamesimama sambamba, kila mmoja anafanya kata zake, na waamuzi watatu wanainua bendera. Kisichoulizwa kwenye mtihani hufa polepole.

Kabla sijaendelea, nisije nikakukatisha tamaa na alfajiri zako. Mazoezi ya peke yako yana mambo ambayo mwenza hawezi kukupa. Kuupitisha upanga katika mstari wa makali yake, bila kuyumba hata kidogo, ni kazi yako na hewa, na baadaye yako na mkeka wa majani uliolowekwa na kusimamishwa. Mianzi ya kendo inapiga kwa upande wowote na sauti inatoka ileile. Ndiyo maana kuna wanakendo hodari ambao mkeka mmoja unawashinda. Vilevile watu wa Satsuma, Kagoshima ya sasa, waliokuwa wakifuata shule ya upanga ya Jigen-ryu (ryu ni shule), walijulikana kwa kupiga gogo lililosimikwa ardhini kwa fimbo ya mti. Mapokeo yao yanataja mapigo 3,000 asubuhi na 8,000 jioni. Walikuwa watu wa kuogopwa. Lakini hata wao wana kata za wawili. Gogo linakupa nguvu na moyo wa kupiga bila kusita. Halikuambii lini upige.

Hilo la lini, pamoja na la kutoka wapi, halipatikani ndani ya mtu mmoja. Liko katikati ya wawili. Acha nikuonyeshe kwa kata moja.

Nihon Kendo Kata, kata za wawili za kendo, ziko 10: saba za upanga mrefu kwa mrefu, tatu za upanga mfupi kwa mrefu. Zilikamilishwa mwaka 1912 chini ya Dai Nippon Butokukai, chama cha sanaa za mapigano cha Japani, ili walimu waliotoka shule mbalimbali za upanga wawe na msingi mmoja wa kufundishia. Mmoja anaitwa uchidachi, ndiye anayeanza kushambulia. Mwingine ni shidachi, ndiye anayemaliza. Katika kata ya kwanza wote wawili wanainua panga juu ya vichwa na kusogeleana hatua tatu. Wanapofika pale ambapo hatua moja inatosha kumfikia mtu, uchidachi anatafuta nafasi, anapaza "Yaa!", anaingia kwa mguu wa kulia na kushusha upanga kwa nia ya kupasua kichwa na mpini kwa pamoja. Shidachi anarudisha mguu wa kushoto, anavuta mikono nyuma, na upanga unapita mbele yake hadi chini. Papo hapo anaingia, "Toh!", na wake unashuka juu ya kichwa cha uchidachi, unasimama karibu na nywele. Kisha anaelekeza ncha katikati ya macho, na uchidachi anaporudi nyuma, shidachi anainua upanga kumzuia asipate wazo jingine. Umbo lake unaweza kulikariri kwa video jioni moja.

Sasa simama mahali pa shidachi, na mbele yako awepo mtu anayekusudia. Ukiondoka mapema, anakuona, anazuia mkono wake na kukufuata ulikokimbilia. Ukichelewa, upanga wake wa mbao unashukia vidole vyako. Ukirudi mbali kupita kiasi uko salama, lakini sasa wewe humfikii, na yeye anainuka tena. Ukirudi kiasi kinachotakiwa, upanga wake unapita karibu kiasi cha kusikia upepo wake, na miguu yako tayari iko pale pigo lako linapotakiwa kuanzia. Huna haja ya kujirekebisha. Kiasi hicho ni upana wa kiganja, pengine pungufu. Na hakikai mahali pamoja. Huyu ana mikono mirefu. Yule bega lake linaanza kabla ya mguu. Mwingine hatua yake ni ndefu kuliko ulivyomdhania ukimtazama amesimama. Kila mtu anakulazimisha ukitafute kiganja hicho upya, na ukishakitafuta kwa watu wengi wa kutosha, mwili unaanza kukiona wenyewe kabla hujafikiri. Kamera haiwezi kukupa hicho, hata uirekodi kata yako kutoka pande zote nne.

Kuna na jambo la hofu. Nimeona watu wenye iai ya kupendeza, mgongo umenyooka, mabega yametulia, ambao siku ya kwanza walipoletewa mbao ya kweli kichwani mabega yalipanda hadi masikioni, mkono wa kulia ukakaza mpini, pumzi ikakatika. Umbo lote la miaka likayeyuka kwa pigo moja la mwendo wa wastani. Hilo lisikuvunje moyo. Ni taarifa, na taarifa hiyo hukuwa na namna nyingine ya kuipata. Mabega yaliyotulia uani ni mabega ambayo hayajaulizwa swali. Ukirudi kwenye Mae baada ya wiki kadhaa za kuulizwa, utaona macho yako yanakaa mahali pengine kabisa. Unaacha kutazama upanga wako. Unamtazama mtu mzima, kuanzia utosini hadi miguuni, na kitu kidogo kinachoanza kusogea unakipata pembeni mwa jicho.

Nadhani hapo ndipo rafiki yako alipoona pengo kwenye video. Macho hayafichiki.

Sasa nirudi kwa nililosema mwanzoni, kwamba si kila mazoezi ya wawili yana faida. Faida yote niliyoieleza inategemea kitu kimoja, nacho ni ukweli wa shambulio. Katika ukumbi mwingi utakuta wenza wawili waliozoeana. Uchidachi hataki kumuumiza rafiki yake, kwa hiyo analenga kando kidogo ya kichwa, au anasimamisha mbao kabla haijafika. Shidachi naye anajua pigo linakuja, kwa hiyo anaanza kuondoka kabla halijatoka. Kata inapendeza, sauti za mbao zinagongana vizuri, hakuna aliyeguswa. Wote wawili wamejifunza uongo. Shidachi amejifunza kukwepa upanga ambao haukuwa unamjia, na uchidachi amejifunza kukosa. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu linafanywa na watu wenye nia njema kabisa, na linaweza kuendelea miaka bila mtu kugundua.

Dawa yake ni rahisi na nakusihi uitumie kila siku ya mazoezi. Shidachi asimame tu, asitoke. Uchidachi ashambulie kwa mwendo wa polepole lakini kwa hatua na mkono wake wa kawaida, na asimamishe mbao pale inapogusa nywele. Je, imefika katikati ya utosi? Au imeishia mbele ya uso, au juu ya bega? Kama haikufika, hapakuwa na shambulio, na chochote ambacho shidachi angefanya kisingekuwa na maana. Rekebisheni umbali mpaka ifike. Ndipo shidachi aanze kuondoka.

Wazee wa Lamu wanaocheza kirumbizi wanalijua hili bila kufundishwa na Mjapani: ngoma na zumari zinaupa mchezo mwendo, lakini fimbo ya mwenzako isipokuja kweli, hakuna cha kukinga.

Hapo linakuja swali la nani ashambulie, na nadhani katika kichwa chako umeshapanga. Wewe ndiye mwenye ujuzi, basi jirani atakupiga na wewe utamjibu. Geuza. Katika mila hizi uchidachi ndiye mkubwa. Mwalimu ndiye anayeshambulia, ndiye anayeshindwa, kata baada ya kata, maisha yake yote. Yeye ndiye anayeamua umbali, ndiye anayesoma kama mwanafunzi yuko tayari, ndiye anayepima leo ampe kasi gani na hatari kiasi gani ili akue na asivunjike. Katika shule ya Ono-ha Itto-ryu jambo hili linaonekana kwa macho: uchidachi anavaa glavu kubwa nene za ngozi, onigote, ili shidachi apige mkono kwa nguvu bila kujizuia. Mkubwa anatoa mikono yake ipigwe. Na shule hiyohiyo ndiyo yenye mbinu ya kiriotoshi, ambayo kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko yote wa hoja hii. Wote wawili wanakata wima, karibu kwa wakati mmoja, katika mstari uleule wa katikati. Wa shidachi unaushinda wa uchidachi ukiwa unashuka, unausukuma nje ya mstari bila kuupiga kando, na unaendelea hadi kwenye shabaha. Hakuna kukinga halafu kukata; ni tendo moja. Ukiifanya peke yako ni pigo la kawaida la wima, hata mtoto anaweza. Yote iliyomo imo katika upanga wa yule mwingine.

Kwa hiyo wewe uwe uchidachi. Jirani yako atajifunza haraka kwa sababu ataletewa kitu kilichonyooka. Nawe utafaidika kuliko unavyotarajia, kwa kuwa kushambulia kwa ukweli, ukijua utashindwa, bila kupunguza na bila kuongeza hasira, ni kitu ambacho iai haikukupa nafasi ya kukifanya. Baada ya miezi michache mbadilishane.

Pengine mtashawishika kupigana huru. Jirani wa karate atataka, nawajua. Historia yenyewe ina somo hapa. Zamani watu walifanya kata kwa mbao ngumu, na mbao ngumu inaua; mapokeo yanasema Miyamoto Musashi, mpiga upanga maarufu, alimuua mpinzani wake Sasaki Kojiro mwaka 1612 kwa upanga wa mbao. Kamiizumi Nobutsuna, mwanzilishi wa Shinkage-ryu katika karne ya 16, anasifiwa kwa kuleta upanga wa mianzi iliyopasuliwa na kuvikwa ngozi, ili mtu aweze kumaliza pigo badala ya kulizuia hewani. Baadaye, katika miaka ya 1710, Naganuma Shirozaemon wa Jikishinkage-ryu akaboresha mavazi ya kinga, na katikati ya karne hiyo Nakanishi Chuzo akayaingiza katika tawi lake la Itto-ryu. Ndiyo njia iliyozaa kendo. Kilichowasukuma kilikuwa kitu cha kweli: kata nyingi zilikuwa zimegeuka maonyesho, na watu walitaka kujua nani angepiga nani kama hakuna aliyepangiwa kushindwa. Walipata walichokitaka, na walilipia. Kendo ina shabaha nne tu, kichwa, mkono, kiwiliwili na koo, na mtu anaweza kushinda kwa namna ambayo kwa upanga wa chuma angekufa pamoja na mpinzani wake.

Mimi siko upande wa wanaosema kata peke yake inatosha, wala wa wanaoiona kata kuwa ya wazee. Lakini ninyi wawili, bila kinga na bila mtu wa tatu mwenye uzoefu wa kuwatazama, msipigane huru. Hata kwa fimbo iliyofungwa sponji. Si suala la majeraha tu. Watu wawili wasiojua watafundishana kurukaruka na kugusana, na hapo ndipo utakapoharibu ulichokijenga, jambo unaloliogopa.

Anzeni hivi. Siku za mwanzo wekeni panga chini kabisa. Simameni mkitazamana, hatua mbili kati yenu. Mmoja anaongoza, anakwenda mbele, nyuma, kando, kwa mwendo wa kuteleza bila kuinua nyayo sana. Mwingine anatunza umbali uleule. Jirani yako atakushinda katika zoezi hili, miaka yake ya karate haikupotea bure. Mwache akufundishe. Mkiona umbali unakaa, chukueni panga za mbao na mrudie, sasa ncha zikiwa zimepishana kidogo, kama sentimita 10. Hapo ndipo pale pa hatua moja. Kaeni hapo kwa muda mrefu, mwili uzoee kujua kwamba hapa ni hatari na nusu hatua nyuma si hatari bado.

Halafu nendeni kwenye kihon, mazoezi ya msingi, za upanga wa mbao. Shirikisho lilizitoa mwaka 2003, ziko 9, zinaitwa Bokuto ni yoru Kendo Kihon Waza Keiko-ho, na zilitungwa kwa ajili ya wanaoanza. Ya kwanza ina mapigo manne tu, kichwa, mkono, kiwiliwili na koo, na anayepokea anamfungulia mwenzake nafasi kwa makusudi. Ni rahisi, ni salama, na zinamfundisha jirani kushika na kutembea bila wewe kujitungia mtaala. La koo mliache kwanza. Zikikaa, ingieni kata ya kwanza ile niliyoieleza, kisha ya pili, ambayo uchidachi anapiga mkono wa kulia na shidachi anatoka kwa mshazari nyuma kushoto. Mbili zinatosha mwaka mzima. Sisemi hivi kukuchelewesha. Zile 10 zote ukizijua kwa kukariri hazitakupa kiganja kimoja cha umbali ulichonacho kwa kurudia mbili na mtu mmoja anayekuja kweli.

Na Mae yako? Siku moja moja mkalishe jirani mbele yako kwa magoti, kila mtu na upanga wa mbao kiunoni. Ala za plastiki za upanga wa mbao zinauzwa Japani, mwagize rafiki yako. Mwambie aanze kuchomoa anapotaka yeye, polepole. Wewe umtangulie, na ncha yako isimame kiganja kizima kabla ya panja lake. Utagundua upesi kwamba umekuwa ukikaa mbali mno, au karibu mno, au unaanza baada ya mkono wake kushafika kwenye mpini. Kisha kesho yake alfajiri fanya Mae peke yako ukiwa na huyo jirani kichwani, kwa kimo chake na kwa mkono wake. Huyo ndiye mtu mbele yako ambaye rafiki yako hakumwona.

Kuhusu usalama nitakuwa mkali. Iaito, ule upanga wako wa mazoezi usio na makali, usigonganishwe na kitu chochote, kamwe. Panga nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa mchanganyiko laini wa zinki; zikigongwa huvunjika, na kipande kinachoruka hakichagui pa kwenda. Uweke mbali kabisa siku za wawili. Panga za mbao zikaguliwe kabla ya kuanza, kwa kidole na kwa jicho, ubao mzima. Ufa mdogo karibu na ncha ukiuona, upanga huo umestaafu. Za Kijapani hutengenezwa kwa mwaloni, zina urefu wa sentimita 101 au 102 hivi. Kama mtachongesha kwa fundi hapo Dar, mpe kipimo hicho na mwambie achague mbao ngumu yenye nyuzi zilizonyooka tangu mpinini hadi nchani. Paini itapasuka. Mpingo usimkubalie, hata akikusifia uzuri wake. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mzito namna hiyo hausimamishiki juu ya kichwa cha mtu. Mkubaliane neno moja la kusimamisha kila kitu, "basi", na anayelisema asiulizwe sababu. Watoto na wapita njia wasiwe uani. Mtu akiwa na hasira au amechoka, siku hiyo fanyeni ya miguu tu.

Umeuliza kama utaharibu umbo. Litayumba, ndiyo. Miezi ya kwanza mkono wa kulia utazidisha nguvu, na pigo lako la wima litafupika kwa sababu umezoea kulisimamisha kichwani mwa mtu. Ndiyo maana alfajiri zako zisipungue. Baada ya kila siku ya wawili, maliza kwa mapigo ya peke yako yanayopita mpaka chini, polepole, ukisikiliza mstari wa makali.

Na utakapopata nafasi ya kurudi Fukuoka, hata kwa wiki moja, usiitumie yote kusahihishwa kata za peke yako. Mwombe mwalimu wako, au mwanafunzi wake mkubwa yeyote, akusimamie kama uchidachi kwa ile kata ya kwanza. Mara kumi zinatosha. Mwambie asikuonee huruma, na usimweleze kwanza kwamba umekuwa ukifanya na jirani wa karate; mwache aone mwenyewe ni nini kimekaa na nini hakijakaa, kisha umuulize angefanya nini kama angekuwa mahali pako.